Sauti ya Mbwa wa Ng'ambo

Habari hii nilipewa na mjukuu wangu, yule mpelelezi, Jumapili ile bomba lilipokauka tukakaa uani na ndoo zetu kusubiri maji. Kesi ilikuwa imeshakwisha, ndiyo maana alifungua mdomo. Ikiwa bado mbichi humtoi neno hata umkande mgongo. Majina ya watu sikupewa, na mimi sikuyaomba. Mengine yote nayaweka hapa kama nilivyoyasikia.

Aliyekuja kituoni asubuhi hiyo alikuwa muuguzi, ametoka zamu na sare yake mwilini. Alitoa simu ya baba yake, yenye kioo kilichopasuka, akaiweka mezani kama mtu anayetua mzigo.

"Baba yangu ameibiwa na watu wa ng'ambo."

Koplo akachukua kalamu. "Wameiba nini?"

"Mbwa."

"Mbwa wenu kaibiwa na watu wa ng'ambo? Walikuja na ndege kumfuata?"

"Koplo," mjukuu wangu akasema, "mpe dada kiti."

Muuguzi akakaa, akaeleza. Baba yake ni mpiga chapa, mwenye kiwanda kidogo mjini: risiti, kadi za mwaliko, kalenda. Presha ya macho ikaanza kumla taratibu, ikafika mahali sasa anaona mwanga na vivuli tu. Mke hana, alishafiwa. Anaishi na mdogo wake wa tumbo moja, na ndiye aliyebaki kuendesha mashine. Siku moja mzee alisikia redioni habari za mbwa wanaofundishwa kuwaongoza wasioona. Tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine. Alitaka atoke nyumbani kwa miguu yake, afike kiwandani kwake, bila kushikwa mkono kama mtoto.

"Baba mdogo akatafuta kwenye mtandao," akasema muuguzi. "Akapata muuzaji, ana watoto wa mbwa wa ukoo huo huo. Baba akalipa. Kisha wakasema kuna pesa ya sanduku la kusafiria, akalipa. Kisha sindano. Kisha bima. Kisha karantini. Na mbwa mpaka leo hajafika."

"Picha za mbwa unazo?"

Zilikuwemo. Kitoto cha rangi ya asali, kimekaa juu ya zulia jekundu, masikio yamelala. Mpelelezi akaiingiza picha ile kwenye kompyuta kutafuta ndugu zake. Haikuchukua muda. Kitoto kile kile, juu ya zulia lile lile, kilikuwa kinauzwa na watu kumi mbalimbali katika nchi mbalimbali. Kwa huyu ni dume, kwa yule ni jike.

"Makubwa," Koplo akasema. "Huyu ana kwao kwingi kuliko mimi."

Muuguzi hakucheka. Alikuwa anatazama zile picha zilivyojipanga.

"Mliomba kumwona kwa video, muuzaji anamwita na yeye anageuka?"

"Baba mdogo aliomba. Wakasema shambani kwao mtandao ni dhaifu."

"Mtandao wa kupokea pesa haukuwa dhaifu. Na kibali cha kuingiza mnyama, nani alikiomba?"

"Kibali gani, afande?"

"Mnyama haingii nchini hivi hivi. Mnunuzi anaomba kibali idara ya mifugo kabla mnyama hajapanda ndege. Muuzaji wa kweli, hilo ndilo swali lake la kwanza, maana bila hicho mbwa wake atarudishwa. Huyu hakuuliza kwa sababu alijua hakuna cha kurudishwa."

Akapiga simu ofisi ya mizigo ya uwanja wa ndege, akawasomea namba ya mzigo aliyotumiwa mzee. Mtu wa huko akamjibu kwamba namba zao hazianzi hivyo, hazijawahi kuanza hivyo. Mpelelezi akashukuru, akakata.

"Dada, nitakwambia ukweli usije ukaishi na matumaini. Pesa ya kwanza ilikwenda nje, na aliyeipokea sidhani kama mimi na wewe tutamwona. Lakini tazama hapa. Pesa ya kwanza peke yake ndiyo iliyotoka nchini. Ya sanduku, ya sindano, ya bima, ya karantini, zote zimekwenda kwenye namba ya simu ya hapa hapa."

"Huyo ni wakala wa forodha. Walisema wana wakala wao huku."

"Wakala huyu alianza lini kuandika?"

Muuguzi akapekua. Muuzaji wa ng'ambo alipopokea pesa yake ya kwanza aliandika asante, akanyamaza kabisa. Mzee akamsumbua kwa ujumbe, kupitia mdogo wake: mimi picha hazinisaidii, nirekodie mbwa akilia nimsikie. Hakujibiwa. Zikapita wiki. Ndipo akazuka wakala, na neno lake la kwanza halikuwa neno, ilikuwa sauti.

"Iweke," akasema mpelelezi.

Wakainama wote watatu juu ya simu. Kwanza mgongano wa chuma, tak, kisha kimya, tak, kisha kimya kirefu zaidi, tak. Halafu kitoto cha mbwa kikalia, kulia kwa njaa na usingizi, kikaguguna kitu kama kidole cha mtu. Mwisho.

"Saa ya ukutani," akasema Koplo.

"Saa gani inachoka?"

Akairudia mara nyingi. Ule mgongano ulikuwa unapungua kasi, kama kitu kizito kinachozunguka ambacho kimenyimwa nguvu na sasa kinakwenda kwa mazoea yake tu. Mpelelezi hakukijua ni kitu gani. Alichokijua alikisema wazi.

"Wezi ni wawili. Wa kwanza yuko mbali, anauza picha, na sauti hana, ndiyo maana aliponyamaza alinyamaza kweli. Wa pili alisikia mzee anaomba sauti, akamtafutia. Huyo wa pili anamjua mzee."

Muuguzi akakunja mikono. "Baba hana adui."

"Sikusema adui," akasema mjukuu wangu.

Kampuni ya simu iliwarudishia jibu kabla ya chakula cha mchana. Namba ya wakala ilisajiliwa kwa mtu mwenye duka la vyakula vya mifugo. Koplo alifurahi mpaka akasahau kofia. Walipofika mtaa ule mpelelezi alisimama kwanza, akasoma mabango. Duka la pumba liko hapa. Ukuta kwa ukuta, mlango unaofuata, kiwanda cha chapa.

Mwenye duka alikuwa mtu mnene, nywele zake zimejaa vumbi la pumba, watu wanamwita Mzee Pumba na yeye anaitika. Chini ya meza yake alilala mbwa jike wa rangi ya majivu, chuchu zimelegea.

"Amezaa karibuni?" mpelelezi akauliza.

"Alizaa. Wamechukuliwa wote, kila mtu na wake. Mnataka mwingine mje mwakani."

"Namba hii ni yako?"

Mzee Pumba akavaa miwani, akasoma, akaivua. "Ilikuwa yangu."

"Imesajiliwa kwako."

"Imesajiliwa kwangu lakini siishiki."

"Weka mikono mezani," akasema Koplo, pingu tayari.

"Kijana, mikono yangu iko mezani tangu umeingia. Nisikilize. Nilikuwa na simu ya zamani, laini iko ndani. Nikahitaji lebo za mifuko. Jirani akanitengenezea lebo, mimi nikampa simu. Hatukutoa hata senti. Lebo ndizo hizo hapo, na mifuko ndiyo hiyo."

"Jirani yupi?"

"Kidole. Yule wa mashine. Kwani hapa kuna jirani mwingine?"

Kidole ndiye mdogo wake mpiga chapa. Jina hilo, akaeleza Mzee Pumba, alilipata ujanani, akiwa mwanafunzi wa kaka yake. Alitia mkono kwenye mashine kabla gurudumu halijasimama, ikamla ncha ya kidole cha kati. Kaka mtu alimbeba mgongoni mpaka hospitali, hakusubiri gari.

Koplo akamvuta mpelelezi pembeni. "Anamsukumizia jirani. Mbwa ni wake, laini ni yake. Na hiyo tak tak, isikilize, inasikika humu humu."

Ni kweli ilisikika. Ukutani, mashine ya jirani ilikuwa inapiga: tak, tak, tak, tak.

Mpelelezi hakubishana. Akatoa simu yake, akaiweka juu ya mfuko wa pumba, karibu na yule mbwa, akarekodi. Kisha akaisikiliza sikioni. Sauti ya mashine ilikuwamo, lakini imefunikwa, kama mtu anayepiga mlango wa nyumba ya tatu. Na ilikuwa inakwenda mwendo mmoja, haichoki.

"Aliyerekodi ile alikuwa amesimama kando ya mashine," akasema. "Na mashine ilikuwa ndiyo kwanza imezimwa. Mzee Pumba, kuna siku ulimpeleka mtoto wa mbwa huko kwa jirani?"

"Alikuja kumwazima. Akasema anataka kumchezea kidogo. Nikamwambia usimpakae wino."

Kiwanda kilikuwa chumba kimoja kirefu. Mashine ilikaa katikati, ya chuma cheusi, na ubavuni gurudumu refu kama mtoto wa darasa la pili. Kulikuwa na droo za herufi za risasi, kamba za kuanikia kadi, harufu ya wino na mafuta ya taa. Huko nyuma, kitu kikubwa kimefunikwa turubai jipya, bado lina mikunjo ya dukani.

Kidole alikuwa mtu mpole wa sura, shati safi hata na kazi ile. Alipowaona alitabasamu, akavuta viti viwili, akavifuta.

"Karibuni, afande. Ni ile habari ya mbwa? Binti yetu kaniambia atakuja kwenu. Amefanya vizuri. Kaka ananiumiza roho, kila siku anauliza."

"Anakuuliza wewe?"

"Atamwuliza nani? Mimi ndiye macho yake."

"Hatusikilizani," mpelelezi akasema, akaweka mkono sikioni. "Zima kidogo tuongee."

Kidole akageuka, akabonyeza swichi. Umeme ulikatika lakini gurudumu halikusimama. Likaendelea kwa uzito wake, tak, likivuta mwendo, tak, likazidi kuchelewa, tak. Na kabla halijatulia Kidole alikuwa ameshapenyeza mkono wake wenye kidole kifupi, anatoa kadi ya mwisho.

Simu ya mpelelezi ilikuwa mfukoni mwa shati, inarekodi.

"Mbona unaingiza mkono halijasimama?"

"Mazoea, afande. Kaka ananigombeza miaka yote."

"Na ile kule nyuma ni nini?"

"Mali ya mteja. Ameniomba nimtunzie."

Koplo alikuwa ameshafika kwenye turubai. Akalinyanyua pembe. Ilikuwa mashine mpya ya kompyuta ya kuchapa, plastiki yake haijabanduliwa.

"Mteja wako ana uwezo," akasema Koplo.

"Ndiyo, ana uwezo."

"Koplo," mpelelezi akasema, "hebu mpigie wakala wa forodha."

Koplo akabonyeza namba. Kitu kikaanza kutetemeka ndani ya droo ya herufi, na herufi za risasi zikacheza pamoja nacho, zikitoa kelele kama meno ya mtu mwenye homa. Kidole aliitazama droo. Tabasamu lilikuwa bado limekaa usoni, limesahauliwa tu.

"Hiyo nayo ni ya mteja," akasema.

"Mteja wako ana vitu vingi humu."

Akakaa kwenye kiti alichokuwa amewafutia wageni. Hakubisha sana. Alisema yule wa ng'ambo alikuwa mwizi kweli, na yeye Kidole ndiye aliyemthibitishia kaka yake kwamba ni mtu wa kuaminika. Pesa ilipokwenda na muuzaji akanyamaza, aliona haya kusema. Kaka akawa anadai sauti kila jioni. Siku moja akasikia watoto wa mbwa wanalia kwa jirani, akaona hiyo sauti si ndiyo hiyo, amrekodie mzee apate usingizi.

"Hiyo ni sauti," akasema mpelelezi. "Na sanduku? Na sindano?"

"Aliisikia akafurahi, afande. Akasema, mbwa yuko hai, kinachohitajika kitolewe. Nilikuwa sijaomba hata kitu."

"Kisha ukaomba."

"Kisha nikaomba."

"Karantini nayo ulitoa wapi? Watu wengi hilo neno hawalijui."

"Nilisoma kwenye mtandao, mahali wanapoonya watu wasitapeliwe. Yote yameandikwa pale, hatua kwa hatua."

Koplo akaguna. Maonyo yale waliyaweka watu wema ili mnunuzi ajue: ukiambiwa hiki, kimbia. Kidole aliyasoma kama mtu anayesoma namna ya kupika.

"Na hii mashine ungeitumia wapi?"

Kidole alilitazama turubai. "Nilikuwa nataka kufungua pangu. Hapa kila kitu ni chake. Nimezeeka naitwa mdogo."

Kisha akamshika mpelelezi mkono wa shati, akauachia haraka alipoona wino. "Afande, nakuomba kitu kimoja. Kaka asijue. Macho yale, daktari kasema asipate mshtuko. Mwambie ni yule wa ng'ambo. Si ni kweli? Yule yupo. Mwambie yeye ndiye, mimi nitarudisha kidogo kidogo, na mzee atabaki na mtu wa kumtia dawa."

Mjukuu wangu aliniambia hapo ndipo alipopata kazi. Sheria haikumpa taabu hata kidogo, sheria ilikuwa wazi. Lakini mlalamikaji ni kipofu, na mtuhumiwa ndiye mkono wake. Ukimchukua huyu, umemnyang'anya mzee tonge na fimbo kwa pamoja.

"Nitakwenda kuchukua maelezo yake," akasema. "Utakuwepo. Ukitaka kusema, utasema mwenyewe."

Walifika nyumbani jua likishuka. Muuguzi ndiye aliyefungua. Alimwona baba yake mdogo katikati ya askari wawili, akauliza, "Baba mdogo, wamekukuta njiani?" Akamtazama mkono, akaona Koplo anamshika kiwiko, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Ukutani palifungwa kamba, inatoka kwenye kiti cha mzee mpaka mlangoni, toka mlangoni mpaka chooni, imekazwa vizuri kwa misumari, na kila kona pamefungwa fundo mtu ajue amefika wapi. Kazi ya Kidole. Kando ya kiti palikuwa na sanduku la mbao lenye ukingo mfupi, lililorandwa likawa laini. Kitanda cha mbwa. Mpelelezi aliliinamia. Ndani yake hamkuwa na blanketi. Mlikuwa na viatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako siijui. Wewe ndiye askari?"

"Ndiye mimi. Viatu hivi ni vyako?"

"Vyangu."

"Nani kavitia humu?"

"Mimi mwenyewe."

"Baba!" Muuguzi akasema. "Hicho si kitanda cha mbwa? Ulimfuata seremala mwenyewe."

"Viatu vilikuwa vinanikwaza."

Mpelelezi akavuta kigoda, akakaa karibu naye. Akatoa ile simu yenye ufa. "Mzee, nataka usikilize sauti uliyoletewa, halafu usikilize nyingine niliyorekodi mimi leo."

"Usiiweke," mzee akasema.

"Ni fupi."

"Mwanangu, usiiweke. Naijua. Mashine ile niliinunua kabla huyu binti hajazaliwa. Gurudumu lake likizimwa nalisikia mpaka usingizini."

Kidole alikuwa amesimama chini ya taa, kichwa kimeinama.

"Ulijua tangu lini, mzee?"

"Tangu ilipofika. Nilisikia mashine, ndipo nikasikia mbwa."

Muuguzi akapiga magoti mbele ya baba yake. "Na bado ukalipa? Sanduku, sindano, mpaka karantini! Mimi nakesha wodini usiku kucha, nakutumia pesa, wewe unalipa huku unajua?"

"Nililipa."

"Kwa nini, baba?"

"Nilikuwa namsubiri." Mzee aligeuza uso kule alikodhani mdogo wake yupo. Hakukosea. "Kila jioni ananitia dawa. Ananilaza hapa, ananifungua jicho kwa vidole vyake. Namwuliza, mbwa vipi? Nasema moyoni, leo atasema. Akisema leo, yamekwisha, sitamwuliza hata pesa iko wapi. Ananijibu, kaka, yuko karantini, anakula vizuri. Na mkono wake hautetemeki. Tone linaingia pale pale katikati ya jicho. Hajapata kukosea hata siku moja."

"Kaka," Kidole akaanza, "yule muuzaji wa ng'ambo..."

"Yupo. Najua yupo. Yule hanijui, hakula chumvi yangu, na mimi sina neno naye. Wewe nina swali moja tu."

"Kaka, nilitaka usikie mbwa upate raha."

"Nilikufundisha nini kuhusu gurudumu?"

Kidole akaficha nyuma mkono wake wenye kidole kifupi.

"Jibu. Nilikufundisha nini?"

"Usitie mkono mpaka lisimame."

"Ungesubiri tu likasimama. Pumzi mbili, tatu. Ungerekodi kimya na mbwa, na mimi ningeamini mpaka naingia kaburini. Nilikubeba mgongoni na damu yako inanitiririka shingoni, nikadhani somo limeingia."

Muuguzi aliinuka. Alimwendea baba yake mdogo, na Koplo akadhani atampiga, akasogea. Hakumpiga. Alimfungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa ile chupa ndogo ya dawa ya macho aliyokuwa anatembea nayo kila siku isipotee, akakifunga kifungo tena.

"Wewe ndiye ulinipeleka shule siku ya kwanza," akamwambia. "Nililia, ukanambia utanisubiri langoni. Nilipotoka ulikuwepo. Nilikuwa nawahadithia watu habari hiyo."

Kidole akafunika uso kwa mikono yake yenye wino.

"Mzee," mpelelezi akasema, "sheria inaniruhusu kumchukua. Lakini mlalamikaji ni wewe. Ukisema mmelimaliza kifamilia, nitaliandika, wakubwa wataamua. Nataka nisikie kwako."

Mzee alipapasa mkono wa kiti mpaka akaipata kamba. Akaishika, akaifuata kwa vidole hadi fundo la kwanza, akarudi.

"Amefunga vizuri," akasema. Kisha: "Mchukueni."

"Kaka!"

"Ungeniomba mashine ningekupa, mdogo wangu. Ningekupa na kiwanda, mimi nakifanyia nini? Mchukueni, na mlango muufunge, upepo unaingia."

Koplo akamtoa, mpelelezi akabaki kumalizia maelezo ya mzee. Muuguzi akaiweka chupa kwenye mkono wa kiti, akawafuata mpaka nje, si kwa kumtetea, ila miguu ilimpeleka. Alibaki barazani baada ya gari kuondoka, ameshika nguzo.

Ndani, saa ya dawa ilikuwa imefika. Mzee aliijua kwa namna mwanga ulivyokufa dirishani. Alijilaza kwenye kochi mwenyewe, akaomba chupa, mpelelezi akampa, akaiinua juu ya uso. Tone la kwanza likaanguka kwenye nyusi. La pili likashuka shavuni. Mpelelezi alisimama akitazama, akajiambia hii si kazi yake, akaona hawezi kumwacha hivyo, akapiga magoti.

"Niambie namna."

"Nivute kope ya chini. Usiogope. Hivyo. Sasa tone moja. Usiliguse jicho."

Akatia. Akatia na la pili. Mkono wake ulitetemeka, akaomba radhi.

"Huo ni mzuri," mzee akasema. "Acha utetemeke."

Akafumba macho, akakandamiza pembe za jicho karibu na pua kama alivyofundishwa hospitalini, ili dawa isikimbie. Akakaa hivyo. Mpelelezi akamwuliza kama kuna kitu anataka, maji, blanketi. Mzee akatikisa kichwa. Mpelelezi akakusanya simu ile na yake, akazitia mfukoni, akaanza kwenda mlangoni kwa ncha za vidole.

"Zima taa, mdogo wangu," mzee akasema, sauti imeshalegea.

Mjukuu wangu alisimama pale, mkono ukutani. Angeweza kusema ni mimi, mzee. Hakusema. Alizima taa, akangoja gizani mpaka pumzi ya mzee ikawa ndefu, ikashuka, ikatulia, mzee akalala.